Mfupa unaoota pembeni ya nyonga bandia: maswali yenu na majibu

Tangu tuongelee operesheni ya kubadilisha nyonga, meseji zimekuwa nyingi na sehemu kubwa zinauliza kitu kilekile kwa namna tofauti: mtu kafanyiwa operesheni, kidonda kimepona vizuri, afu baada ya miezi kadhaa eksirei inaonyesha mfupa umeota pembeni ya ile nyonga mpya, ndani ya nyama, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa. Nimechagua chache na kuzipunguza, maana zingine zilikuwa ndefu sana. Hata kama swali sio lako soma tu, majibu yanaingiliana.

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 58, tupo Morogoro. Miaka miwili iliyopita alibadilishiwa nyonga ya kulia maana ilikuwa imesagika kabisa. Mwanzo alikuwa anaendelea vizuri ila kuanzia kama mwezi wa tatu baada ya operesheni akaanza kulalamika mguu hauinuki, kuvaa soksi hawezi mpaka nimvalishe, kwenye daladala lazima anyooshe mguu njiani watu wanamruka. Kupiga eksirei tukaambiwa mfupa umeota. Kabla ya hapo hakuna aliyetuambia kama kuna kitu cha namna hiyo. Sasa nyonga ya kushoto nayo imeisha na wanataka kuifanya mwezi wa kumi na moja. Mimi naogopa, yeye anasema liwalo na liwe. Itaota tena? Kuna dawa ya kuzuia?

JIBU: Marahaba mama. Nakujibu moja kwa moja: ndiyo, mume wako yupo kwenye hatari kubwa kuliko mgonjwa wa kawaida, na ndiyo, inazuilika kwa kiasi kikubwa. Umeuliza wakati mzuri sana maana kinga ya hiki kitu ina muda wake, nao ni mfupi, ni siku ya operesheni na siku chache zinazoizunguka. Ungeniuliza mwezi wa pili mwakani ningekuwa na machache ya kukwambia.

Kinachotokea ni hivi. Daktari akifungua nyonga lazima apitie kwenye misuli, na misuli ikiumia mwili unaanza kazi ya kujitibu, unatoa kemikali za uvimbe, kati ya hizo kuna zinazoitwa prostaglandini. Sasa ndani ya nyama yetu kuna chembechembe changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini, na kwa baadhi ya watu zile kemikali zinazipa amri ya kuwa chembechembe za kutengeneza mfupa. Amri yenyewe inatolewa mapema mno, ndani ya siku moja mbili za mwanzo, wakati mgonjwa bado yupo wodini analalamikia mshono na hakuna anayeona chochote. Kwenye eksirei unaanza kuonekana baada ya wiki tatu mpaka sita kama ukungu mweupe, na unaendelea kukomaa kwa miezi mpaka mwaka na zaidi. Kwa hiyo mlipoanza kuona soksi hazivaliki mwezi wa tatu, kazi ilikuwa imeshafanyika zamani. Madaktari wanaita heterotopiki osifikesheni na kwenye faili wanafupisha tu HO, ukiona herufi hizo mbili kwenye karatasi za mumeo ujue ndiyo yenyewe.

Sio kila mtu anapata. Vipande vidogo vidogo vinaonekana kwa wagonjwa wengi na haviwasumbui, wanaishi navyo bila hata kujua, ila wale wa mfupa mkubwa wa kubana nyonga ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Na tunajua kina nani wapo karibu zaidi na shida hii. Wa kwanza kabisa ni mtu aliyewahi kupata, iwe nyonga ileile au ya upande wa pili, na hapo ndipo alipo mumeo. Halafu wanaume kuliko wanawake, watu wenye ugonjwa wa uti wa mgongo unaokakamaa pingili zikashikana, wenye nyonga iliyosagika huku ikiota vijimfupa vingi pembeni, waliovunjika tundu la nyonga kwenye ajali, na waliowahi kuumia kichwa vibaya au uti wa mgongo.

Kinga zinazojulikana ni mbili. Moja ni vidonge vya kundi la dawa za maumivu na uvimbe, na vilivyotumika muda mrefu zaidi ni indomethasini, mara nyingi miligramu 25 mara tatu kwa siku, kuanzia siku ya operesheni au kesho yake, kwa muda wa kuanzia wiki moja mpaka sita kutegemea daktari alivyopanga. Dawa hizi zinazima zile prostaglandini nilizozitaja, ndiyo maana lazima zianze mapema. Siku hizi wengine wanatumia selekoksibu kwa sababu inalisumbua tumbo kidogo kuliko indomethasini. Kinga ya pili ni mionzi, dozi moja tu ya grei (kipimo cha mionzi) 7 au 8 inayopigwa kwenye eneo la nyonga, ama ndani ya saa 24 kabla ya operesheni ama ndani ya saa 72 baada yake. Zikipita siku tatu faida inapungua sana. Ipi inamfaa mumeo inategemea tumbo lake, figo zake, presha, dawa zingine anazotumia, na kama mashine ya mionzi ipo karibu na anapofanyiwa.

Sasa cha kufanya. Msisubiri siku ya kulazwa. Nendeni kliniki mapema mkiwa na ile picha ya nyonga ya kulia, picha yenyewe sio maelezo ya mdomo, mkamwonyeshe daktari atakayefanya ya kushoto, hasa kama sio yuleyule wa kwanza. Mwambieni huu mfupa uliota baada ya operesheni iliyopita, tunaomba kujua umepanga kinga gani safari hii, inaanza lini na inaisha lini. Daktari mzuri hawezi kukasirika kwa swali hilo, tena atafurahi. Muulizeni pia kama indomethasini ipo hospitalini au mnunue wenyewe, maana nimeona mgonjwa anaandikiwa vizuri kabisa afu famasi ya ndani haina, ndugu wanaenda kutafuta mjini kesho yake na keshokutwa, na siku mbili zinakuwa zimeondoka hivihivi. Nunueni kabla.

Na mwambie baba kwamba liwalo na liwe aseme kwenye vitu visivyozuilika.

SWALI: Dokta, mimi nasubiri kubadilishiwa nyonga huku Arusha. Nimemuuliza daktari wangu kuhusu dawa za kuzuia mfupa kuota kasema mimi sihitaji. Mwanamke, miaka 66, sina ugonjwa mwingine. Mbona jirani yangu alipewa? Au ni mambo ya gharama?

JIBU: Sio mambo ya gharama dada yangu, indomethasini ni dawa ya bei ya chini. Daktari wako yupo sawa na ntakueleza kwa nini nakubaliana naye.

Kulikuwa na utafiti mkubwa uliofanyika Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2006, wagonjwa 902 kwenye hospitali 20. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa ibuprofeni, dawa ya kundi lilelile la indomethasini, miligramu 1200 kwa siku kwa siku 14 baada ya kubadilishiwa nyonga, kundi lingine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa ibuprofeni kweli mifupa ilipungua kwenye eksirei, hilo halina ubishi. Lakini walipokuja kupimwa baada ya miezi sita mpaka kumi na mbili, maumivu na uwezo wa kutembea haukuwa na tofauti na wale wengine. Na kulikuwa na dalili kwamba waliomeza dawa walitokwa damu zaidi wakiwa bado hospitalini. Yaani wengi walizuiwa kupata vipande ambavyo hata visingewasumbua, na bei yake ikawa damu.

Ndiyo maana wengi wetu hatumpi kila mtu, tunampa aliye kwenye hatari. Wewe ni mwanamke, nyonga ya kwanza, hujawahi kuota mfupa, huna ugonjwa wa uti wa mgongo, sioni sababu ya kukuongezea vidonge. Jirani yako pengine ana kitu kwenye historia yake ambacho hukijui, au amepewa kwa ajili ya maumivu tu. Cha muhimu ni kwamba daktari wako alifikiria akajibu. Kinachonisikitisha mimi ni pale ambapo hakuna aliyefikiria kabisa, mgonjwa mwenye kila sababu ya kupewa anatoka bila kinga na mwenye vidonda vya tumbo anapewa kwa mazoea.

SWALI: Daktari hujambo. Niko Mombasa, nimebadilishiwa nyonga siku tisa zilizopita kwa sababu ya ankilosi ya mgongo, ule ugonjwa wa pingili kushikana. Nimepewa indomethasini wiki tatu, halafu kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na mimi ni mtu wa presha natumia losatani pamoja na dawa ya kukojoa. Tangu juzi tumbo linaniwaka moto na choo kimekuwa cheusi kidogo. Shemeji yangu muuguzi ameniambia niache zote. Niache?

JIBU: Ndugu yangu, wewe soma hii leo na uende hospitali leo. Nimeshakujibu pembeni ila nalirudia hapa kwa sababu wapo wengine kama wewe.

Choo cheusi kinachonata kama lami, kwa mtu anayemeza indomethasini pamoja na dawa ya damu, kinachukuliwa kuwa ni damu ya tumboni mpaka ithibitike vingine. Indomethasini simamisha sasa hivi, hapo shemeji yako yuko sahihi. Ila dawa ya kuzuia damu kuganda usijiamulie mwenyewe, maana baada ya operesheni ya nyonga damu ikiganda mguuni ikapanda kwenye mapafu inaua, na kuendelea nayo ukiwa unatokwa damu ni hatari pia, kwa hiyo uamuzi huo ni wa daktari aliye mbele yako na majibu ya wingi wa damu mkononi. Nenda na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja avione.

Kuna jambo la pili kwenye barua yako ambalo hukuliuliza. Losatani, dawa ya kukojoa na indomethasini zikikutana kwa mtu mmoja zinaweza kuzibana figo vibaya, hasa kama baada ya operesheni hunywi maji ya kutosha. Omba wakupime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Kama ungenijia kabla ya operesheni ningesema wewe ni mtu wa mionzi, au kama ni vidonge basi viwe na omeprazo ya kulinda tumbo na figo zipimwe kabla na katikati. Kukaa bila kinga kwa siku zilizobaki sio mwisho wa dunia, siku tisa za mwanzo ulizomeza ndizo zilizokuwa na kazi kubwa.

Na wote mnaosoma, mtu akiwa kwenye indomethasini asiongeze diklofenaki ya dukani kwa sababu eti maumivu hayajaisha. Ni kundi moja, ni kama kumeza dozi mbili. Ongeza parasetamo au rudi ulikoandikiwa.

SWALI: Dokta mambo. Nina miaka 34 nipo Mwanza. Mwaka juzi nilipata ajali ya bodaboda tundu la nyonga likavunjika, nikawekewa vyuma, mfupa ukaota, na sasa nyonga yenyewe imekufa natakiwa kuwekewa ya bandia na kuondolewa huo mfupa. Nina vidonda vya tumbo vilivyowahi kutoa damu kwa hiyo wamesema nitapigwa mionzi. Mionzi si ni ya kansa? Mimi sina kansa. Na sijapata mtoto bado.

JIBU: Poa kaka. Swali lako zuri na nimelipata kwa watu wengi wanaogoma wakisikia neno mionzi.

Ni mashine ileile inayotibu kansa lakini kazi na dozi ni tofauti. Mgonjwa wa kansa ya tezi dume kwa mfano anapigwa jumla ya grei 60 na zaidi kwa wiki kadhaa. Wewe unapigwa 7 au 8, mara moja, basi. Lengo ni kuzizuia zile chembechembe changa zisizaane wakati ndiyo zimeamka. Wazo lenyewe ni la siku nyingi, madaktari Coventry na Scanlon wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani walichapisha mwaka 1981 matokeo ya miaka tisa, wakati huo walikuwa wanatoa grei 20 kwa mafungu kumi, baadaye ikaonekana kwamba dozi moja ndogo inatosha na mgonjwa hasumbuliwi kurudi kila siku.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Kama ni baada ya operesheni, utapelekwa na machela kesho yake au keshokutwa, bado una maumivu kwa hiyo omba upewe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kutoka wodini. Utahamishiwa kwenye meza ngumu, mto katikati ya miguu usije ukaikunja nyonga vibaya, watakupima na kuchora alama kwenye ngozi, watatoka wote chumbani, mashine italia kidogo, huhisi joto wala kuchomwa, dakika chache tu umemaliza. Kinachouma ni kuhamishwa kutoka machela kwenda mezani, mionzi yenyewe haiumi. Ikipigwa kabla ya operesheni unaenda kwa magongo yako mwenyewe na kwa watu wengi ni rahisi zaidi, uliza kama inawezekana.

Kuhusu watoto, hapo unatakiwa useme kwa sauti kabla. Mwambie daktari wa mionzi, sio wa mifupa peke yake, kwamba bado hujazaa na unataka. Wana kinga ya risasi ya kufunika korodani na wanaweza kupanga mionzi ielekee mbali nazo, kiasi kinachofika pale kinakuwa kidogo, ila lazima wajue. Hatari ya kupata kansa kutokana na dozi hii miaka mingi baadaye ipo kwenye vitabu na ni ndogo sana, lakini kwa kijana inabidi itajwe, na ndiyo maana kama tumbo lako lingekuwa zima ningeelekea kwenye vidonge kwanza. Kwako wewe ambaye tumbo limeshatoa damu, na mfupa umeshaota mara moja, nakubaliana na madaktari wako. Mjamzito na mtoto anayekua hatuwapigi.

Mwanza una bahati, hospitali ya Bugando ina mashine ya mionzi. Aliyepo Dar mashine ipo hospitali ya kansa ya Ocean Road wakati operesheni inafanyika kwingine, kwa hiyo gari, nafasi na barua lazima vipangwe kabla ya siku ya operesheni, la sivyo saa 72 zinaishia kwenye kupigiana simu. Ijumaa ndiyo siku mbaya, mtu akifanyiwa Ijumaa mchana wikiendi inakula muda wote. Ikiwezekana omba ufanyiwe mwanzoni mwa wiki.

SWALI: Assalamu alaykum dokta. Bibi yetu ana miaka 79, alianguka bafuni shingo ya paja ikavunjika, kesha tiwa nyonga ya bandia huku Unguja, leo wiki ya tatu. Mguu umevimba na una moto. Mjomba kaleta mzee anayechua kwa mafuta ya karafuu na maji ya moto, anamvuta mguu ili usikakamae na mfupa usiote. Bibi analia. Tumwachie?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Msimwachie. Kwa heshima zote kwa huyo mzee na kwa mjomba, mwambieni asimame leo.

Kuchua kwa nguvu na kuvuta kiungo kilichotoka kuumia hakuzuii mfupa kuota, kunaumiza misuli upya, na misuli ikiumia ndiyo ile amri niliyoieleza juu inatolewa tena. Sisi madaktari wa mifupa tunaliona sana kwenye viwiko vya watoto, mtoto anaanguka, kiwiko kinachuliwa na kuvutwa wiki nzima, anakuja kwetu kiwiko kimegeuka jiwe, nyama ya mbele imejaa mfupa. Kwenye nyonga ya bandia kuna balaa la ziada, ukiivuta na kuizungusha vibaya inachomoka.

Afu huo uvimbe na moto wiki ya tatu mimi nisingeubandika jina la mfupa kabla ya kuangalia mambo mawili ambayo ni ya haraka zaidi. La kwanza ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, kama kigimbi kinauma ukikibonyeza au anahema kwa shida mpelekeni hata kama ni usiku, na hapo ndipo kuchua kunapotisha zaidi maana bonge la damu linaweza kuchomoka likaenda mapafuni. La pili ni usaha ndani, angalieni mshono kama unatoa majimaji, pimeni homa. Ni kweli mfupa unaoota nao unaweza kuleta joto na uvimbe siku za mwanzo, unafanana kabisa na hayo mawili, ndiyo maana nasema aonwe na daktari na afanyiwe ultrasaundi ya mguu, vipimo vya damu na eksirei.

Mazoezi anayohitaji bibi ni ya kwake mwenyewe: kusimama na woka mara kadhaa kwa siku, kutembea kwenda msalani, akiwa kitandani kukaza misuli ya paja na kuchezesha kifundo cha mguu, kukunja na kunyoosha mguu pale maumivu yanaporuhusu. Mtaalamu wa fiziotherapia atawaonyesha. Kama mzee anataka kumsaidia, mafuta ya karafuu ampake mgongoni na mabegani polepole, bibi atafurahi, mguu auache.

SWALI: Habari daktari, niko Kitale. Baada ya kubadilishiwa nyonga watu wananiambia nisinywe maziwa wala supu ya mifupa kwa sababu kalsiamu itafanya mfupa uote. Nimeacha miezi minne. Nina ng'ombe na maziwa yananipita tu.

JIBU: Kunywa maziwa yako. Mfupa huu hauoti kwa sababu ya kalsiamu nyingi kwenye damu, unaota kwa sababu chembechembe zimepewa amri isiyo sahihi, na zikishapewa zinachukua kalsiamu iliyopo mwilini hata kama hujagusa maziwa mwaka mzima. Ukikosa unadhoofisha mifupa mingine ambayo unaihitaji, ukiwemo ule ulioshikilia nyonga yako. Supu pia kunywa, labda kama una gauti au kolestro ndiyo uipunguze kwa sababu hizo.

SWALI: Mimi nipo Muscat, nimebadilishiwa goti miezi miwili nyuma na halikunji zaidi ya nyuzi sabini. Ndiyo mfupa umeota?

JIBU: Uwezekano ni mdogo. Goti kukakamaa baada ya operesheni mara nyingi ni makovu ndani ya goti, mfupa kuota kwenye goti hutokea ila sio kawaida yake kubana kama kwenye nyonga. Rudi kwa aliyekufanyia sasa hivi bila kusubiri, maana makovu yakiwa bado machanga anaweza kukulaza kwa ganzi na kulikunja goti, muda mzuri wa kufanya hivyo ni ndani ya wiki kumi na mbili za mwanzo na wewe wiki ya nane umeshafika. Usikubali likunjwe kwa nguvu nyumbani.

SWALI: Daktari, mimi mfupa tayari umeota na umeziba kabisa. Niko Nairobi, operesheni ilikuwa miezi saba iliyopita. Siwezi kuketi kwenye kiti cha kawaida, nakaa nimeegemea upande. Nimeona indomethasini inasemwa hapa na pale, nikianza kumeza leo utaisha? Au kuna sindano ya kuyeyusha?

JIBU: Pole sana, najua maisha ya kuketi upande mmoja yanachosha mpaka mgongo. Indomethasini ikianzwa sasa haiwezi kuuondoa. Hakuna kidonge wala sindano ya kuyeyusha mfupa uliokwisha kukomaa, na anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakudanganya. Zamani palitumika dawa inaitwa etidroneti, ilikuwa inachelewesha tu mfupa kuwa mgumu, mtu akiiacha unakomaa kama kawaida, ndiyo maana kwenye kinga tumeachana nayo.

Kwanza ujue umefika wapi. Kuna vipimo vya hatua nne alivyovipanga daktari Brooker na wenzake mwaka 1973 na mpaka leo ndivyo tunavyotumia. Hatua ya kwanza ni visiwa vya mfupa kwenye nyama. Ya pili, mfupa unatoka kwenye nyonga au kwenye paja lakini nafasi kati yao bado ni sentimita moja au zaidi. Ya tatu, nafasi imepungua chini ya sentimita moja. Ya nne, inaonekana umeungana kabisa juu mpaka chini. Kwa maelezo yako nadhani upo ya tatu au ya nne, muulize daktari akuonyeshe kwenye picha, akuwekee na rula kabisa.

Kwa mtu wa hatua hizo ambaye kweli amebanwa, njia ni operesheni ya kuuondoa. Mazoea ya wengi ni kusubiri ukomae, yaani mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu tangu operesheni ya kwanza, kwa sababu ukiukata ukiwa mchanga damu inatoka sana na mpaka wake na nyama hauonekani vizuri. Daktari ataangalia eksirei mbili tatu zilizoachana kwa miezi aone kama kingo zimetulia na kuwa kali, pengine apime na alkalini fosfatesi kwenye damu ambayo hupanda mfupa unapokua na kushuka ukitulia, na kabla ya kuingia atahitaji sitiskani ajue mishipa ya damu na neva zimepita wapi, maana mfupa huu una tabia ya kuzizunguka.

Jambo ambalo usikubali kulikosa ni hili: siku wanapouondoa, kinga lazima iwepo, vidonge au mionzi au vyote viwili kwa baadhi ya watu, kwa sababu kuuondoa nako ni kuumiza misuli na bila kinga unarudi. Ulizia hilo kabla hujasaini fomu. Kwa miezi mitano au zaidi iliyobaki endelea kutembea, endelea na mazoezi ya kunyoosha kwa nguvu zako mwenyewe, tafuta kiti kirefu au weka mito miwili juu ya kiti ili nyonga isihitaji kukunjwa sana, na chooni weka kiti cha kuinua. Kama ganzi inaingia mguuni, au kanyagio la mguu linaanza kulegea, hapo usisubiri mwaka utimie, nenda siku hiyohiyo.